Sikio la Mfalme: Kwa Nini Sauli Alivuliwa Ufalme na Daudi Akabaki

Weka mezani mashtaka ya wafalme wawili. Wa kwanza alitumwa vitani aangamize kila kitu. Akashinda, akarudi na mfalme wa adui akiwa hai, pamoja na kondoo na ng'ombe walionona ambao, kwa maelezo yake, walikuwa wa kutolewa dhabihu. Wa pili alibaki nyumbani huku jeshi lake limo vitani, akamtwaa mke wa askari wake, na mimba ilipoingia akaandika barua ya kumwua yule askari, kisha akampa askari mwenyewe aibebe. Mwonyeshe mtu asiyeijua Biblia mashtaka haya, umwulize ni yupi anayestahili kuvuliwa ufalme. Hatasita, na atakosea. Aliyevuliwa ni yule wa kondoo, Sauli. Yule wa barua, Daudi, akabaki.

Jibu tunalolisikia mara nyingi mimbarini ni kwamba Mungu huutazama moyo. Ni kweli, imeandikwa katika 1 Samweli 16:7. Lakini likiachwa hivyo hivyo, jibu hili lina hatari yake. Kiongozi aliyekutwa na kosa husema "Mungu anaujua moyo wangu," na mazungumzo yakaishia hapo, kana kwamba moyo ni chumba cha ndani ambacho ufunguo wake anao yeye peke yake. Wapo na wale wa upande wa pili: amri ni amri, utii ndio kila kitu. Hao wakifika kwa Daudi hupita mbio. Wote wawili wanatenganisha vitu ambavyo waandishi wa Kiebrania hawakuvitenganisha.

Tuanze na maneno yenyewe. Pale ambapo Biblia zetu zimeandika "kutii," mara nyingi Kiebrania kina kitenzi *shama*, na maana yake ya kwanza ni kusikia. Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Mzazi akisema "mtoto huyu hasikii," hakuna anayempeleka mtoto kwa daktari wa masikio. Na tukimsifu mtu kuwa ni msikivu, hatusifu uwezo wake wa kunasa sauti. Ndiyo maana tamko kuu la imani ya Israeli katika Kumbukumbu la Torati 6:4 linaanza na "Sikia, Ee Israeli," na maneno yanayofuata yanataka upendo wa moyo wote na matendo ya kila siku.

Neno la pili ni *lev*, moyo. Hisia zimo ndani yake, lakini moyo wa Kiebrania kwanza ni mahali pa kufikiri, kupanga, kukumbuka na kuamua. Tunaposema leo "nilifuata moyo," tunamaanisha tuliweka akili pembeni. Mwebrania angeshangaa, kwa sababu kwake akili ndiyo iliyokaa humo. Na kuna sehemu moja ambapo maneno haya mawili yanakutana. Sulemani kijana, akiambiwa aombe atakacho, anaomba *lev shomea*. Tafsiri ya Union imesema "moyo wa adili," nayo si mbaya, lakini neno kwa neno ni moyo unaosikia. Moyo wenye masikio.

Basi swali la kama Mungu anataka utii au anataka moyo linaanza kuyeyuka, maana utii ni kazi ya moyo unaosikia. Lakini fumbo letu halijaisha. Kila moyo husikia kitu fulani. Moyo wa Sauli ulikuwa na masikio mazuri sana.

Twende kwenye 1 Samweli 15. Amri ya kuwaangamiza Waamaleki ni nzito, na sitajifanya hainisumbui. Ila mwandishi wa sura hii hajishughulishi na swali hilo, na Sauli naye hakumwacha mfalme wao Agagi kwa huruma. Watu wa kawaida waliuawa. Waliobakizwa ni mfalme na mifugo iliyonona. Aya ya 9 inasema wazi kwamba vilivyokuwa vibovu na dhaifu ndivyo walivyoviangamiza. Ni utii uliochambuliwa kama mchele: punje nzuri huku, chuya kule, na chuya ndizo zikapewa Mungu.

Nabii Samweli anapofika, Sauli ndiye anayetangulia kusema. Nimeitimiza amri ya Bwana, anasema, na hakuna aliyemwuliza. Nabii anajibu kwa swali ambalo kila nikilisoma naona ucheshi mchungu ndani yake: basi kilio hiki cha kondoo masikioni mwangu ni cha nini? Sura nzima imesukwa kwa maneno mawili, kusikia na sauti. Katika aya ya 1 Sauli anaambiwa aisikie sauti ya maneno ya Bwana. Katika aya ya 14 kuna sauti ya kondoo, na anayeisikia ni Samweli. Katika aya ya 24 mfalme anakiri kwamba aliwaogopa watu, akaitii sauti yao, na kitenzi ni kile kile cha kusikia. Sauli alikuwa mtiifu! Alimtii mwingine tu.

Hapo ndipo hali ya moyo wake inapoonekana, na si kwa ufunuo wa siri. Inaonekana kwa vitu ambavyo mtu yeyote angeweza kuviona. Kabla ya kukutana na Samweli alikuwa amekwenda Karmeli kujisimamishia nguzo ya ukumbusho. Akizungumza na nabii, mara tatu anasema "Bwana, Mungu wako," wala si Mungu wangu. Akibanwa, anawataja watu: wao ndio walioteka nyara. Na akiisha kukiri dhambi, ombi lake ni hili: nimefanya dhambi, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu. Ufalme unamtoka mikononi, naye anawaza wazee watamwonaje. Huyu ndiye kijana aliyewazidi watu wote kwa kimo, kuanzia mabega kwenda juu, na siku ya kutawazwa akajificha kwenye mizigo. Samweli anamkumbusha kwamba wakati ule alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Nadhani udogo ule na nguzo ile ya Karmeli vilitoka shina moja. Mwoga wa macho ya watu anaweza kujificha leo na kujijengea mnara kesho.

Sasa Daudi. Watu husema Daudi alipona kwa sababu alikiri. Lakini Sauli naye alikiri, tena kwa maneno mengi zaidi. Alisema "nimefanya dhambi" mara mbili. Ungamo la Daudi mbele ya nabii Nathani katika 2 Samweli 12:13 lina maneno mawili tu kwa Kiebrania: nimemfanyia Bwana dhambi. Hakuna "lakini" baada yake. Hakuna jemadari wake Yoabu anayetupiwa lawama, ingawa Yoabu alikuwa na sehemu yake. Hakuna wazee wa kuheshimiwa mbele yao.

Tukumbuke pia kilichotangulia. Nathani alikuja na kisa cha tajiri aliyemchinja mwana-kondoo pekee wa maskini, mfalme akawaka hasira, akamhukumu yule tajiri afe, ndipo nabii akasema: wewe ndiwe mtu huyo. Mfalme wa zamani zile alikuwa na njia nyingi za kumnyamazisha mtu wa namna hii. Aliyeweza kumwua Uria, yule askari, kwa barua asingeshindwa na nabii mmoja. Daudi hakufanya hivyo. Na wala haikuwa mara ya kwanza moyo wake kumpiga: aliwahi kukata upindo wa vazi la Sauli pangoni, na kipande hicho cha nguo tu kikamtesa.

Kusema hivi si kumsafisha. Mtoto alikufa, upanga haukuondoka nyumbani mwake, mwanawe Absalomu alimfukuza mjini, na kumbukumbu ya Uria Mhiti haikufutwa: 1 Wafalme 15:5 inamsifu Daudi maisha yote "isipokuwa" katika jambo hilo, na ukoo wa Yesu katika Mathayo 1 unamtaja Bathsheba kuwa mke wa Uria. Kusamehewa kulimwachia ufalme. Hakukumwondolea matokeo, na hapa mahubiri mengi hudanganya.

Lile jina la "mtu aupendezaye moyo wa Mungu" nalo lina utata. Linatoka 1 Samweli 13:14, na Kiebrania chake kinaweza pia kusomeka kwamba Mungu alijitafutia mtu kwa chaguo la moyo wake mwenyewe, yaani sifa iwe ya Mungu anayechagua, si ya Daudi. Wataalamu wamegawanyika. Paulo, akihubiri Antiokia ya Pisidia katika Matendo 13:22, analifunga jina hilo kwa maneno haya: atakayefanya mapenzi yangu yote. Kwake moyo umefungwa kwenye kufanya.

Na asidhani mtu kwamba nia njema inatosha. Daudi mwenyewe ndiye mfano. Alipotaka kulileta sanduku la agano Yerusalemu, nia yake haikuwa na doa: ngoma, vinubi, furaha ya watu wote. Akalipakia kwenye gari jipya la kukokotwa na ng'ombe. Torati ilisema sanduku lichukuliwe mabegani na Wakohathi, ukoo wa Walawi, kwa miti yake. Gari jipya lilikuwa wazo la Wafilisti, wao ndio waliolitumia walipolirudisha. Ng'ombe wakajikwaa, Uza, mmoja wa waliokuwa wakiliendesha gari, akalishika sanduku, akafa. Daudi akakasirika kwanza, akaogopa, akaliacha kwa Obed-edomu miezi mitatu. Kisha akatambua kosa. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:13 anawaambia Walawi kwamba mara ya kwanza hawakumtafuta Mungu kwa utaratibu uliowekwa, naye anajihesabu humo. Safari ya pili watu walibeba mabegani. Moyo mzuri ulikosea kwa sababu haukuuliza, na ukaonekana kuwa mzuri kwa kuwa ulikubali kufundishwa.

Kama ningepewa mfalme mmoja tu wa kuelezea mada hii nisingemchagua Sauli wala Daudi. Ningemchagua Amazia wa Yuda, ambaye wengi hatujawahi kusikia akihubiriwa. 2 Mambo ya Nyakati 25 inamfungulia kwa hukumu ya ajabu: alifanya yaliyo mema machoni pa Bwana, ila si kwa moyo mkamilifu. Mwandishi haelezi mara moja maana yake. Anatuachia kisa.

Amazia anajiandaa kupigana na Edomu. Anakodi askari 100,000 kutoka Israeli, ufalme wa kaskazini, kwa talanta 100 za fedha, na fedha zimekwisha kulipwa. Mtu wa Mungu anakuja: usiende nao. Mfalme anauliza swali ambalo kila mweka hazina angeuliza: na zile talanta 100 nilizotoa, tufanyeje? Anajibiwa kwamba Bwana aweza kumpa zaidi ya hizo. Naye anatii! Anawarudisha wale askari, anakula hasara, anakwenda na watu wake, anashinda katika Bonde la Chumvi. Mpaka hapo ungemwandikia cheti cha utii. Alitii amri ya gharama kubwa kuliko ile aliyopewa Sauli.

Kisha anarudi na miungu ya Seiri, ya watu aliowashinda jana, anaisimamisha na kuisujudia. Nabii anakuja na swali lisilo na jibu: kwa nini umeitafuta miungu ambayo haikuweza kuwaokoa watu wake mikononi mwako? Hajamaliza, mfalme anamkata: je, tumekufanya wewe mshauri wa mfalme? Acha, kwa nini upigwe? Nabii anaacha, akisema anajua sasa kwamba Mungu amekusudia kumwangamiza kwa kuwa hakusikiliza shauri. Sikio la kufa halisikii dawa. Baadaye Yoashi wa Israeli anamkamata Beth-shemeshi na kuubomoa ukuta wa Yerusalemu dhiraa 400, na mwisho Amazia anauawa Lakishi.

Tazama tofauti ya zile ziara mbili. Ya kwanza nabii alimpa maagizo kabla ya jambo, na utii ukamletea ushindi. Ya pili alimkemea baada ya jambo, wakati mfalme ana sifa ya kulinda. Moyo wa kiongozi hauonekani vizuri siku ya kupewa amri. Siku hiyo hata mtu wa shingo upande huweza kutekeleza. Unaonekana siku anapoambiwa amekosea, na anayemwambia ni mtu anayeweza kupigwa. Uzia, mwana wa Amazia, alipokemewa kwa kufukiza uvumba hekaluni, alikasirika na chetezo mkononi mbele ya kuhani Azaria na makuhani 80. Mfalme Asa wa Yuda, aliyesifiwa kwa moyo mkamilifu, akamtia gerezani uzeeni Hanani, mwonaji aliyemkemea. Lakini Ahabu wa Israeli, mfalme mbaya kuliko wote, alipokemewa na nabii Eliya alivaa gunia na kwenda polepole, na Mungu akaahirisha mabaya kwa sababu ya hilo. Kisa hicho hakipatani na mpangilio wetu wa wema na wabaya, na nafurahi kimeachwa humo.

Kwa sababu hiyo matokeo ya kazi si kipimo. Yona alikwenda Ninawi safari ya pili kwa shingo upande, akahubiri, mji ukatubu, naye akanuna. Yehu, mfalme wa Israeli, alitekeleza agizo la kuiangamiza nyumba ya Ahabu, akaahidiwa wazao wake watakaa kitini hadi kizazi cha nne, na aya inayofuata, 2 Wafalme 10:31, inasema hakuangalia kwenda katika sheria kwa moyo wake wote. Huduma inayokua inaweza kuongozwa na Yona.

Hapa lazima nitoke kidogo kwenye mstari, maana neno "utii" katika makundi mengi ya Kikristo limegeuzwa mwelekeo. Tunaanza na utii wa kiongozi kwa Mungu, tunamaliza na utii wa watu kwa kiongozi, na mshono hauonekani. Aya inayotumika kushonea ni "msiwaguse masihi wangu," Zaburi 105:15, ambayo husomwa kumaanisha kwamba mpakwa mafuta hahojiwi. Soma aya zilizotangulia. Wanaolindwa ni Ibrahimu na jamaa yake, wageni wachache wasio na nchi, na wanaokemewa ni wafalme. Zaburi inawalinda wadogo dhidi ya wenye madaraka, nasi tumeigeuza iwe ngao ya wenye madaraka. Hata Daudi, aliyekataa kabisa kunyosha mkono juu ya Sauli mpakwa mafuta, alisimama mbali na kumshtaki kwa sauti mbele ya jeshi lake lote.

Vitabu vya Samweli vinajua vizuri kwamba kumtii kiongozi kunaweza kuwa dhambi. Sauli alipowaamuru walinzi wake kuwaua makuhani wa mji wa Nobu, walinzi walikataa. Aliyetii ni Doegi Mwedomi, na makuhani 85 walikufa siku ile. Yoabu alitii barua ya Daudi, na Uria akafa. Yoabu huyo huyo alipinga kuhesabiwa kwa watu katika 2 Samweli 24, mfalme akamshinda kwa amri, na mfalme ndiye aliyekosea. Mitume wakasema wazi katika Matendo 5:29 kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kundi ambalo kila mtu ni Doegi halina utii mwingi. Lina masikio yaliyoelekezwa kwa mtu mmoja.

Torati ililiona hili mapema. Kumbukumbu la Torati 17 ina sheria ya mfalme, na haimpi mfalme madaraka yoyote, inamzuia tu. Asijiongezee farasi, asijiongezee wake, moyo wake usije ukageuka, asijiongezee sana fedha na dhahabu. Kisha inampa kazi moja: ajiandikie nakala ya torati, awe nayo, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Moyo hauachwi ujichunge wenyewe kwa nia njema. Unawekewa kitu cha kuusemesha kila siku, na mfalme anabaki ndugu kati ya ndugu. Sulemani, yule wa moyo unaosikia, alivunja makatazo yote matatu: farasi kutoka Misri, wake 700 na masuria 300, talanta 666 za dhahabu kwa mwaka mmoja. Mungu alikuwa amemtokea mara mbili. Alipokuwa mzee moyo ukageuka, kwa hiyo hata kipawa kile alichoomba akapewa hakikuwa cha kudumu bila kutunzwa.

Karne kadhaa baadaye kitabu cha torati kilipatikana hekaluni, mwaka wa 18 wa Yosia, mfalme wa Yuda. Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme. Yosia aliyararua mavazi yake, akatuma watu kwa nabii Hulda kuuliza, na jibu likaja kwamba kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwororo, amesikiwa. Alisikia, akasikiwa.

Mwanawe Yehoyakimu naye alisomewa kitabu, kile cha nabii Yeremia, katika nyumba ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi kitabu chote kikaisha. Yeremia 36 inatumia hapo kitenzi kile kile kinachotumika kwa Yosia kurarua nguo, kisha inaongeza kwamba hawakuyararua mavazi yao. Watu watatu walimsihi mfalme asikiteketeze, asiwasikie. Mmoja wao alikuwa Gemaria, mwana wa Shafani. Mfalme akaagiza Yeremia na mwandishi wake Baruku wakamatwe, lakini walikuwa wamefichwa, na Yeremia akachukua gombo jingine, akampa Baruku, naye akaandika upya yote yaliyochomwa, na maneno mengine mengi ya namna ile ile yakaongezwa.